Mchanga Mweupe, Tope Jekundu

Furaha ya Flovia ilidumu saa kumi na saba. Ilianza saa kumi alasiri siku ya Ijumaa, Hilarion alipoliingiza gari katika ua wa gereji pale Keningau, likiwa limetapakaa tope jekundu tangu matairini hadi paani. Aliruka chini hata kabla ya kuizima injini, akamkumbatia Flovia, fundi wake, akamwinua pamoja na spana yake mkononi, akasema, "Odu amekubali!"

Flovia aliuficha uso katika shati la mwanamume huyo, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa safari ndefu.

Odu, bibi yake Flovia mzaa baba, ndiye peke yake aliyekuwa na haki ya kulitamka neno hilo. Baba yake Flovia, Fundi Gonsilou, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na kwa desturi ya Wadusun wa milima ile, binti asiye na baba huombwa kwa mkubwa wa ukoo. Jibu halitumwi kwa simu wala kwa karatasi. Mwenye kuomba hupanda mwenyewe, akavua viatu kizingitini, akalipokea kwa masikio yake. Naye Odu alikaa Rondongon, juu kabisa ya mto, mahali ambapo simu hazishiki, na njia yake hukata maji mara tisa kabla ya kuufikia mlango wake.

Ni kwa ajili ya njia hiyo kwamba Flovia alilijenga gari la Hilarion kwa miezi minane. Lilimjia likiwa Landkruza la kitajiri, lenye viti vya ngozi rangi ya maziwa na kioo cha kuonyesha ramani kikubwa kama sinia. Gari la kushushia watu mbele ya hoteli. Alizitoa springi zake za hewa, zilizolainika kama mto wa kulalia, akatia za chuma. Aliliinua, akalivika matairi ya meno, akalipandishia bomba la kuvutia hewa hadi juu ya kioo cha mbele, akalifungia winchi puani na bamba nene la chuma tumboni ili mawe yasiipasue injini. Nyuma aliunda droo kwa mkono wake. Kwenye nguzo ya mlango wa abiria alichomelea mshikio, akaupima kwa kimo chake mwenyewe, maana abiria wa gari lile alijulikana atakuwa nani.

"Tuambie basi, baba," alisema Shangazi Tarsisia jioni ile, akimjazia Hilarion bakuli la mchuzi wa kuku uliopikwa kwa pombe ya mchele. Shangazi alikuwa dada wa marehemu Gonsilou, na Odu ndiye mama yake mzazi. "Mama yangu ni mzima? Magoti je?"

"Mzima, Shangazi. Magoti ndiyo yale yale. Lakini ile miwani, Flo! Miwani uliyomtengenezea mjini! Nilimvalisha mwenyewe. Akanitazama, akanitazama, hadi nikaona haya. Halafu akasema, 'Kumbe mkwe wangu ana masikio makubwa namna hii!'"

Walicheka hadi Shangazi akashika ubavu. Flovia aliyatazama masikio yale, ambayo kweli yalikuwa makubwa, akaona hakuna masikio mengine duniani ambayo angependa kunong'ona ndani yake.

"Na kilima cha tatu ulikipitaje?" aliuliza.

"Kilinikwamisha. Nikaivuta kamba ya winchi, nikaifunga kwenye mti kama ulivyonifundisha, gari likapanda lenyewe polepole. Nilikuwa nakuwaza wewe."

Hivyo ndivyo furaha ilivyokuwa. Asubuhi ya Jumamosi Hilarion alikuwa amelala nyumba ya wageni, naye Flovia akaingia kazini mapema, maana gari likirudi kutoka mtoni halingojeshwi. Maji hayana subira.

Alianza na winchi. Alitaka kuikunjua kamba yote, aioshe, aitazame kama imechubuka. Akaona utepe mwembamba wa bluu aliouzungushia kamba ile siku ya kuifunga. Ulikuwa mahali pake, haujakatwa, na kamba ile haivutwi bila kuukata.

Alisimama akautazama. *Labda alitumia kamba nyingine,* alijiambia. *Labda walimsaidia wapita njia, naye akaona haya kusema.* Moyo wa mwenye kupenda ni wakili hodari. Hutetea kesi hata kabla mshtakiwa hajaitwa.

Akaliinua gari kwa jeki, akavuta taa, akalala chali juu ya ubao wenye magurudumu, akajisukuma chini yake. Marehemu baba yake alikuwa na neno moja alilolirudia kila siku: "Usimuulize dereva alikotoka. Dereva ana mdomo. Liulize tumbo la gari."

Tumbo la gari lilikuwa safi.

Tope lile jekundu lilikuwa milangoni, juu ya boneti, paani, hata kwenye vioo. Chini halikuwapo. Ndani ya matao ya matairi halikuwapo. Flovia aliisogeza taa. Tope la mlimani hupanda kutoka chini. Hujaa kwanza tumboni, likatafuta upenyo, ndipo likarukia milango. Hili lilishuka kutoka juu. Hili lilimwagwa.

Alifungua bolti za bamba la kukinga injini, moja, mbili, sita. Bamba liliposhuka, kitu kikavu kilimmiminikia shavuni na shingoni. Alidhani ni kutu. Akakichota kwa vidole, akakileta mbele ya taa.

Mchanga. Mchanga mweupe, laini kama unga wa mchele, wenye vipande vya kombe.

Katika njia nzima ya Rondongon hakuna mchanga mweupe hata wa kujaza kijiko. Flovia alitoa nati ya difu ya nyuma, kisanduku cha gia kati ya magurudumu, ili aione oili. Badala ya kutoka nyeusi na nzito, ilitoka imechanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa. Alichovya kidole penye maji yaliyojitenga, akakigusisha ulimi.

Chumvi.

Akatoka chini ya gari. Hakulia. Alifungua mlango wa nyuma, akaivuta droo ya kushoto, ile ambayo yeye peke yake alijua kuwa ina sakafu mbili, kisha akakumbuka kwamba Hilarion naye alijua, kwa kuwa alimwonyesha. Akaiinua sakafu ya juu. Miwani ilikuwa humo, ndani ya kitambaa kile kile cha maua alichoifungia, fundo likiwa lile lile alilolifunga kwa mkono wake.

Saa tatu ilikuwa inagonga katika redio ya Shangazi.

Hilarion alifika saa nne, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amebeba maandazi ya moto kwa Shangazi. Alimkuta Flovia ameketi juu ya tairi la akiba, mikono yake imefungwa magotini, mafuta yamemkauka vidoleni.

"Fundi wangu, mbona umenuna? Gari limekutesa?"

"Gari halijanitesa. Njoo ukae." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nimeota ndoto ya Odu. Nisimulie tena alivyokuwa na miwani."

Hilarion alicheka, akakaa karibu naye hadi mabega yakagusana. "Hushibi hadithi hiyo? Alikuwa amekaa karibu na jiko. Nikamwambia, Odu, mjukuu wako amekuletea macho. Nikamvalisha. Mikono yake ikatetemeka. Akasema, 'Sasa nitauona uso wa Flovia siku ya harusi.' Flo, nilikaribia kulia."

Aliisimulia vizuri kuliko jana. Hilo ndilo lililomuumiza Flovia kupita yote: kwamba uongo ulikuwa mtamu, tena umeongezwa sukari.

Akafungua kiganja, akaiweka miwani juu ya goti la mwanamume huyo, pamoja na kitambaa chake na fundo lake.

Oili iliendelea kudondoka ndani ya karai.

"Flo…"

"Ulikuwa pwani gani?"

"Nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Pwani gani, Hilarion?"

Aliinamisha kichwa. "Kudat."

"Nani yuko Kudat?"

"Mama alinipeleka. Si mimi. Unamjua mama. Tangu siku ile alipokukuta chini ya gari, miguu tu imetokeza, hakulala. 'Mwanangu hataoa miguu yenye grisi.' Nilikutetea, wallahi… naapa kwa jina la Mungu nilikutetea."

"Nani yuko Kudat?"

"Adelin. Binti wa mwenye hoteli ile kubwa ya ufukweni." Akalishika fundo la kitambaa. "Nimemvisha pete. Jumatano."

Flovia alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu meno ya gia. "Na maji ya chumvi kwenye difu?"

"Kaka zake walitaka kuliona gari likiingia baharini. Walishangilia."

"Nilikwambia maji ya bahari hapana."

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara mbili."

Shangazi Tarsisia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko kwa muda, mwiko mkononi, maandazi hayajaguswa. Aliondoka pale akaja taratibu, akalizunguka gari, akalikwangua tope la mlango kwa ukucha, akalinusa.

"Hili tope umelinunua au umepewa bure?"

Hilarion aliigeuza miwani gotini.

"Nakuuliza, mkwe. Ulilipaka kwa ndoo au kwa ufagio? Maana umelipaka vibaya. Hata mtoto akijifanya mgonjwa hukumbuka kukohoa."

"Kwa ndoo, Shangazi. Kule wanakojenga nyumba, karibu na barabara kuu."

"Loo! Mtoto wa tajiri amebeba ndoo. Mama yako anajua?"

"Shangazi, niachie," alisema Flovia. Kisha akamgeukia Hilarion, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapasuka. "Kama umemvisha mwingine pete, kwa nini ulirudi hapa kuniambia Odu amekubali? Ungenyamaza. Ungepotea. Wanaume hupotea kila siku. Kwa nini unilaze usiku mmoja nikiwa mke wako?"

Hilarion aliyakwepa macho yake. Alilitazama gari, na katika kulitazama huko Flovia akaliona jibu kabla halijatamkwa.

"Ulihitaji nilisafishe."

"Hakuna fundi mwingine anayelijua…"

"Ulihitaji nilisafishe ulipeleke wapi?"

"Flo, tafadhali."

"Wapi?"

"Ni zawadi ya posa," alisema, na maneno yalitoka kama kokoto. "Mama alimwahidi baba yake Adelin. Wageni wa hoteli wapelekwe milimani. Litakabidhiwa Jumapili ijayo, likiwa kamili. Nilidhani… nilidhani nikikwambia ukweli hutaligusa."

Flovia aliichukua miwani pale gotini, akainuka. Alikwenda hadi mlango wa abiria, akaushika ule mshikio alioupima kwa kimo chake. Mkono wake ulifika pale bila kunyoosha wala kukunja. Miezi minane alikuwa amechomelea, amepima, amekesha na michoro, akimjengea mwanamke mwingine mahari.

"Tangu lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Mama alianza kuongea nao mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu nilikuwa nachomelea bampa. Cheche ikaniingia jichoni. Ukanipeleka kliniki, ukanishika mkono, ukaniambia ungenipa jicho lako moja kama lingenifaa."

"Nilimaanisha."

"Hilo ndilo sielewi, Hilarion. Naona kweli ulimaanisha."

Hilarion alimsogelea akataka kumshika bega. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na machozi yale hayakuwa ya ndoo. "Nakupenda wewe. Huyo simjui. Nimekaa naye siku tatu, hata hajui nanywa chai au kahawa. Nipe mwaka mmoja tu. Mama atulie, mambo ya hoteli yakamilike, kisha nitakuja kwako. Hata Odu nitampandia, kweli safari hii. Nitapanda kwa miguu."

"Kwa miguu utapanda," alisema Shangazi Tarsisia, "lakini si kwa ajili ya huyu. Umeyatia maneno kinywani mwa mama yangu. Amekaa juu kule hajui lolote, nawe huku chini umemfanya aseme, acheke, atetemeke mikono. Kwetu hilo ni joto, na joto hupozwa kwa sogit, fidia ya ukoo. Utapeleka nyati mmoja wa kufugwa, mzima, hadi mlangoni kwake, ukoo wote ukiona. Na nyati haingii katika gari la viti vya maziwa. Utamvuta kwa kamba, mito yote tisa, na kila atakayekuuliza njiani utamweleza kwa nini."

"Shangazi, nitalipa chochote…"

"Sikusema ulipe. Nimesema uvute."

Wakati mwingine wowote Flovia angecheka. Sasa alimtazama tu mwanamume aliyempenda, masikio yake makubwa yamemwiva kwa aibu, akajiona anatamani kuyafunika kwa viganja yasisikie zaidi. Alijichukia kwa tamaa hiyo. Mapenzi hayaondoki siku ile ile yanayofukuzwa. Husimama uani kwa muda, yakidai nguo zao.

"Keti pale," alimwambia. "Nitalimaliza."

"Utalimaliza?"

"Gari halikunikosea. Siwezi kuacha chuma kife kwa chumvi kwa sababu mwenyewe ni mwongo."

Alirudi chini. Aliimwaga oili yote ya difu, akaisuuza kwa oili nyepesi, akaimwaga tena, akasuuza mara ya pili na ya tatu, hadi ilipotoka bila weupe. Alizifungua beringi za magurudumu, akazisafisha, akazipaka grisi mpya. Aliliosha tumbo lote kwa maji baridi ya mlimani. Mvua ya saa nane ilikuja ikapiga bati, ikapita. Hilarion aliketi juu ya tairi la akiba saa zote hizo, hakuthubutu kushika simu iliyokuwa ikilia mfukoni. Mara moja alisema, "Flo, umekula?"

Mwishoni alifunga matairi. Alikaza kila nati kwa spana ndefu ya kipimo, akaisikiliza ikilia *tak*, kisha akaenda kwenye nyingine. Alipomaliza ya mwisho, aliushusha mguu wa jeki, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaja na ufunguo.

"Chukua."

Hilarion aliupokea, lakini hakuondoka. Alichuchumaa karibu na gurudumu la mbele. Kila gari lililotoka katika gereji ile, tangu enzi za Gonsilou, lilikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya njano uliochorwa juu ya kila nati ukavuka hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea, mstari hukatika, na hata asiyejua spana huona. Hilarion hakujua spana. Kwa miezi minane alichojua kuhusu gari lake kilikuwa mistari hiyo. Kila asubuhi aliizunguka, akaitazama, akaendesha kwa amani.

"Hujaweka mistari," alisema.

"Sijaweka."

"Umesahau?"

"Nati zimekazwa, zote, kama inavyotakiwa. Hiyo ni kazi, nimeifanya. Mstari si kazi. Mstari ni neno la nyumba hii kwamba mwenye gari ni mtu wetu, tutamtafuta asiporudi. Neno hilo haliendi Kudat."

Hilarion alikaa pale chini, mkono juu ya chuma kitupu. Hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya mama yake wala ya nyati. Ilikuwa hofu ya mtoto aliyeachiwa mkono katikati ya soko.

"Sasa nitajuaje zikianza kulegea?"

"Hutajua," alisema Flovia. "Hata mimi sikujua."

Hilarion aliondoka polepole. Tope alilolimwaga kwa ndoo lilikuwa bado milangoni, kwa kuwa Flovia aliosha tumbo tu, akaliacha la juu kama lilivyokuja. Gari lilipokata kona ya soko, Shangazi Tarsisia alitema mate kandokando, kisha akajifuta macho kwa kanga ya jikoni, akidai ni moshi.

"Kula basi, mwanangu. Andazi halina kosa."

"Amelileta yeye."

"Basi nitawapa kuku." Akamletea wali na samaki wa ndimu, akaketi karibu naye. "Utamwambiaje bibi yako?"

Flovia aliifungua miwani, akaivaa mwenyewe. Ulimwengu ulimjia umevimba na kuyumba. Macho ya Odu yalikuwa yameharibika kweli. Aliivua, akavifuta vioo vyake vyote viwili kwa upindo wa shati lake, akaifunga tena katika kitambaa kwa fundo jipya.

"Nitampandia alfajiri kwa pikapu ya baba. Nitamwambia niliombwa, na sikuombwa. Atajua la kusema."

Usiku ulipoingia aliivuta taa, akachukua kopo la rangi ya njano na brashi ya baba yake, akaingia chini ya pikapu kuukuu ya Gonsilou iliyokuwa imelala kona ya gereji tangu msiba. Alikaza nati ya kwanza, akachora mstari. Akakaza ya pili, akachora. Ilipofika ya sita ndipo machozi yalipoanza, yakimtiririka kuelekea masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa hiyo aliyaacha yaende. Zilibaki nati nyingi, na mito tisa, na alfajiri haikuwa mbali.